Ini la Kuazima

Hukuwa na jina, nami sikuwahi kukuona.
Waliniambia ulizaliwa kwenye nyumba ya vioo,
ukalala juu ya sakafu iliyopigwa deki kwa dawa,
hukujua tope, hukujua matunda ya mwaloni yadondokavyo Oktoba,
nguruwe wa maabara, vinasaba vyako vimepekuliwa
kama begi la mtu mpakani.

Mimi ni Amancio Louzao, mchinjaji
wa vijiji vitano juu ya Mondoñedo, mwaka wa arobaini na moja.
Novemba, Mtakatifu Martino akikaribia, simu yangu hailali.
Nguruwe wangapi? Niliacha kuhesabu mwaka niliooa.

Sabela alitoka msituni na kikapu, mabega yameloa.
Uyoga mweupe unaoelekea ukijani, laini kama sikio la mtoto.
Akaukaanga na kitunguu saumu.
Mimi jino liliniuma, nikanywa supu.
Jino moja bovu.

Siku ya kwanza, tumbo.
Siku ya pili nafuu, akaanua nguo, akacheka.
Siku ya tatu macho yakawa rangi ya siagi,
akaniita kwa jina la kaka yake
aliyefia Ajentina.

Huzuni, wasema watu, hukata maini.
Mimi maini nimeyakata kwa kisu, juu ya ubao,
najua uzito wake kiganjani, najua yanavyoteleza,
na kumbe sikujua lolote.

A Coruña, ghorofa ya saba. Daktari Iria,
mdogo kuliko binti yetu, alizungumza na viatu vyangu:
ini la mtu halijapatikana. Kuna hili.
Halipandikizwi. Litakaa nje ya mwili, limshikilie
saa arobaini na nane, labda sabini.
"Kama mtu anayekushikia nafasi kwenye foleni?"
"Naam," akasema. "Kama hivyo."

Basi nikakuona. Si wewe, kipande chako,
ndani ya sanduku la plastiki kando ya kitanda.
Damu ya Sabela ilitoka shingoni kwa mrija,
ikabisha hodi kwako, ikakaa kidogo, ikarudi kwake.
Nesi akainua kichupa kwenye taa:
tone la nyongo, kijani chenye dhahabu.
"Linafanya kazi," akanong'ona.
Tone jingine. Jingine.
Nilihesabu hadi kukapambazuka,
mimi niliyeacha kuhesabu.

Usiku wa pili nilisogeza kiti
nikakuambia mambo ambayo mwanaume hamwambii nguruwe.
Siyarudii hapa.

Siku ya tatu ini lake mwenyewe likaanza kujikusanya,
polepole, kama watu wanaotoka matangani.
Akasema: Amancio.
Akauliza kama ng'ombe wamekamuliwa.

Wakaifunga mirija yako. Nikaomba wanipe,
nikuzike nyuma ya ghala, penye udongo laini.
Wakanitazama kwa huruma, wakanionyesha fomu,
na kwenye fomu, neno moja: tanuri.

Dawa ya deni kulipa. Sawa.
Lakini unampelekea nani, mlango upi,
mdai akishakuwa majivu?

Novemba ya mwaka uliofuata simu ililia.
Nikaenda. Sitasema uongo:
nilikinoa kisu kuliko siku zote,
nikachoma mara moja, mkono haukutetemeka.
Nyumbani kwa Baltasar wakanipa, kama ilivyo desturi,
ini la mchinjaji, bado lina joto,
limefungwa kwenye gazeti la jana.

Nikaliweka mezani mbele ya Sabela.
Hakusema kitu. Kiganja chake kikaenda
upande wa kulia, chini ya mbavu,
kama mtu anayepapasa funguo mfukoni.
Kisha: "Vitunguu vingi, Amancio.
Na usilikaushe."

Akala. Akafuta sahani kwa mkate.
Mimi nilisema jino linaniuma.